Rivyu ya kozi ya kujiandaa na uchumi kuanguka: mimea safi, woga mwingi, na grupu la kupeana bure

Wakuu, kama unashika simu kila siku lazima hilo tangazo limekupitia. Muziki wa vita, grafu nyekundu inaporomoka, jamaa kavaa koti la mvua anakuangalia machoni anakuuliza benki zikifunga kesho asubuhi we na watoto wako mtakula nini, alafu inakuja linki ya kozi. Mi nimeilipia, nimekaa na vidio zote mpaka ya mwisho, kazi wanazotoa nimezifanya, ndo maana rivyu itakuwa ndefu kidogo, manake nyingi ninazoziona mtu kaangalia vidio mbili kashamwaga nyota tano. Jina siliweki. Hizi kozi ziko nyingi na zinafanana kama nguo za fundi mmoja, ukijua hii ilivyokaa na nyingine utazijua tu.

Ina sehemu tano: kwanza uchumi unavyoanguka, pili kuchuma mimea ya mwituni, tatu kulima na kutunza mbegu, nne kuhifadhi chakula, tano kupeana bure, yaani uchumi wa zawadi. Nasema mapema kwa wale wasiosoma hadi chini: ya pili na ya tano ndo zimebeba kozi nzima, ya kwanza ni kelele yenye ukweli ndani yake, ya tatu ni nusu nusu, na ya nne kuna sehemu inaweza kukuua. Sitanii, nitafika huko.

Malipo kwanza manake hapa nilicheka peke yangu. Hii ni kozi ya kukuandaa na siku ambayo benki zimefungwa, intaneti hamna na umeme umekata, alafu inalipiwa kwa kadi kila mwezi, inaangaliwa kwa intaneti tu, vidio hazipakuliki na zile noti za kusoma zinafunguka ndani ya apu yao peke yake. Ukiacha kulipa kila kitu kinapotea. Nikawaandikia kuuliza hivi siku yenyewe ikifika mi ntaangalia wapi, wakanijibu ni mambo ya hakimiliki. Sawa. Bei siitaji kwa sababu haieleweki, kuna saa inahesabu kurudi nyuma inakwambia punguzo linaisha, ikifika sifuri we funga ukurasa ufungue tena, inaanza upya kama hakuna kilichotokea.

Haya, sehemu ya kwanza. Mwalimu ndo yule yule wa koti la mvua. Anaanza na Ujerumani ya 1923, anaruka Zimbabwe, anaruka Argentina, anamalizia Lebanon, picha za foleni, picha za noti zinasukumwa kwenye toroli, sauti inapanda. Mifano yenyewe ni ya kweli, hilo simnyimi. Ujerumani mpaka Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na mark trilioni 4.2. Zimbabwe walifika kutoa noti ya dola trilioni 100, Januari 2009, na mwaka huo huo pesa yao wenyewe ikawekwa pembeni watu wakawa wanatumia dola na randi. Argentina Desemba 2001 serikali iliweka kikomo, mwenye akaunti anatoa peso 250 kwa wiki basi, hata kama ana milioni mle ndani. Lebanon kuanzia mwishoni mwa 2019 watu waliokuwa na dola benki wakaambiwa zipo ila hawawezi kuzichukua, na lira ikapoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake.

Tatizo langu ni kwamba anavichanganya vyote kuwa kitu kimoja kinaitwa Kuanguka, na dawa yake inakuwa moja, chukua chakula jifungie ndani. Sasa angalia vizuri. Ujerumani ya 1923 pesa ndo ilikufa ila mashamba yalikuwepo, viazi vilikuwepo ardhini, mkulima ndo alikuwa anakataa kupokea makaratasi. Lebanon maduka hayakuwa matupu miaka yote hiyo, vitu viko rafu nzima ila mshahara haufiki. Argentina tatizo lilikuwa huna keshi ya kulipana, mtu anajua kushona, mwingine anajua kurekebisha pampu, wote wamekaa hawana kazi kwa sababu hamna noti ya kupita kati yao. Ni matatizo matatu tofauti, na ndoo ya mchele chini ya kitanda inasaidia kidogo sana kwenye yote matatu, manake kodi ya nyumba bado inadaiwa, dawa za presha za mzee bado zinatakiwa. Dawa! Kozi nzima hii, masaa na masaa ya vidio, hamna dakika hata tano za dawa. Mtu anaetumia insulini anajifunza kuwasha moto kwa vijiti.

Na mfano ambao ungewafaa kuliko yote hawajaugusa, Cuba. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika 1991 Cuba ilipoteza mafuta, mbolea, dawa za mashamba, soko, kila kitu kwa mpigo. Pale ndo utaona nini kinatokea watu wa mjini wakilazimika kulima, wakalima kweli, viwanja vya wazi katikati ya Havana vikageuzwa bustani za matuta zenye udongo wa kuletwa, wanaziita organopónicos, na nyingine zipo mpaka leo. Ila pia 1992 mpaka 1993 zaidi ya watu elfu 50 walipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wengi macho yakafifia, na lishe duni, hasa upungufu wa vitamini za kundi B, ndo ilitajwa kuwa chanzo kikubwa. Kwaiyo tumbo linaweza lisiwe tupu kabisa na bado mwili ukadai. Hiyo habari moja ina mafunzo kuliko vidio zote za sehemu ya kwanza, ila haina muziki wa vita.

Sehemu ya pili. Hapa mwalimu anabadilika, anakuja mama mmoja wa mimea, mpole, anaongea taratibu, hana shoka wala koti la kijeshi, na mi nadhani walimpata kwa bahati tu kwa sababu hafanani kabisa na wenzake. Kitu cha kwanza anachosema ni kwamba hatafundisha mimea hamsini, atafundisha michache, na hataki uile mpaka umeufuatilia kutoka unachipua mpaka unatoa mbegu. Watu kwenye maoni walilalamika sana hapo, wanataka orodha. Mi nakubaliana na yeye asilimia mia.

Anavyofundisha ni kwa jozi. Hakuonyeshi mmea unaolika peke yake, anauweka pembeni ya ule unaofanana nao ambao ni sumu, alafu anakuuliza tofauti. Mfano Portulaca oleracea, ule mmea wa kutambaa wenye majani manene yenye maji, unaota karibu dunia nzima kwenye nyufa za sakafu na kwenye bustani za watu. Unalika. Ila kuna jamii ya Euphorbia nayo inatambaa chini hivyo hivyo, sehemu zile zile, mara nyingine vimechanganyikana, na hiyo si ya kula. Ukivunja shina la Euphorbia linatoa utomvu mweupe kama maziwa, Portulaca haitoi. Anakwambia vunja kila shina, sio moja ukachuma lote. Hiyo ndo elimu bwana. Mwingine ni karoti mwitu na Conium maculatum, wote wana maua meupe ya mwavuli na majani ya kuchanika chanika, shina la karoti mwitu lina vinyweleo, la Conium ni laini halina nywele na lina madoa ya zambarau. Conium ndo ile aliyonyweshwa Sokrates mwaka 399 kabla ya Kristo, sasa kama Waathene waliitumia kuulia mtu kwa hukumu ya mahakama we usiibahatishe.

Kwenye uyoga anakuwa mkali. Anasema waziwazi kozi yake haitakufanya uwe mchumaji wa uyoga na asikudanganye mtu. Anaeleza Amanita phalloides, ambayo ndo inaongoza kwa vifo vya uyoga duniani: sumu yake haiondoki kwa kupika, haiondoki kwa kukausha, na walioila wanasema ni mtamu. Dalili hazianzi mapema, ni masaa 6 mpaka 12 au zaidi, unatapika unaharisha, alafu unapata nafuu, unajiona umepona, kumbe ini ndo linakufa. Kwaiyo yale ya onja kidogo usubiri nusu saa hayana maana yoyote hapa. Na anavunja moja moja zile imani za kijiko cha fedha kubadilika rangi na ile ya kwamba ukiona mnyama amekula basi na we kula. Konokono wanakula vitu vya kukulaza wewe kaburini.

Kuhusu apu za kutambua mimea kwa picha yuko sawa sana. Anasema Pl@ntNet na iNaturalist ni nzuri kwa kuanzia kutafuta jina, hasa iNaturalist kwa sababu watu wengine wanakuja kuthibitisha au kukupinga, ila apu inajibu swali la huu unafanana na nini, haijibu swali la nile au nisile. Akagusia pia ile kadhia ya 2023 ambapo chama cha uyoga cha New York kiliwaonya watu kuhusu vitabu vya kuchuma mwituni vilivyokuwa vinauzwa mtandaoni ilhali vinaonekana vimeandikwa na akili bandia. Hebu fikiria unabeba kitabu porini alafu mwandishi wake hajawahi hata kuwa na mdomo.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni habari ya barabarani. Mimea mizuri kabisa mara nyingi inaota kando ya barabara kuu na kwenye reli, na watu wanachuma. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya magari yenye risasi, namaanisha yale madini ya sumu, ilikuwa Algeria, mwaka 2021, juzi tu hapo, na risasi haiozi, ikishaingia kwenye udongo inakaa miongo na miongo. Anashauri uende mbali na barabara, mbali na viwanja vya nyumba za zamani zilizopakwa rangi ya risasi, na uulize kama eneo linapuliziwa dawa. Pia kama ni hifadhi au shamba la mtu, ruhusa kwanza.

Alafu anapiga hesabu ambayo nadhani wenye kozi hawakuipenda. Majani ya mwituni mengi yana kama kalori 20 kwa gramu 100. Mtu mzima anahitaji kama 2,000 kwa siku. Kwaiyo ukitaka kuishi kwa majani peke yake unachuma kilo 10 kila siku na kuzila zote. Wewe peke yako, bila familia. Anasema wazi kuchuma kunakupa vitamini, madini, ladha, na kunakufanya ujue mahali unapoishi, ila nishati ya mwili inatoka kwenye nafaka, mizizi, mikunde na mafuta. Ndani ya kozi inayouzwa kwa ahadi ya kwamba utajitegemea porini, huyu mama kakaa kimya kimya kaibomoa ahadi kwa kikokotoo. Nyota tano kwake yeye binafsi.

Sehemu ya tatu, kulima. Ni ya kawaida. Mambo ya mboji wanaeleza vizuri, kumwagilia asubuhi, kubadilisha mazao, haya unayapata popote bure. Wanapoharibu ni pale wanapokuuzia kopo la mbegu, limefungwa kijeshi, eti ukilifukia litakuokoa baada ya miaka 20. Mbegu za vitunguu zinaanza kushindwa kuota baada ya mwaka mmoja au miwili hivi ukizitunza kawaida, za mikunde zinakwenda zaidi kidogo. Mbegu inataka baridi na ukavu. Lile ghala la Svalbard kule Norway lililofunguliwa 2008 limechimbwa ndani ya mlima wenye barafu na bado linapozwa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, sasa we unafukia kopo nyuma ya nyumba. Na huwezi kuwa mkulima siku ya dharura, mikono inajifunza polepole na udongo nao una mwendo wake wenyewe. Sri Lanka Aprili 2021 serikali iliamka ikapiga marufuku mbolea za viwandani nchi nzima kwa mara moja, bila kipindi cha kuzoea, mavuno ya mpunga na chai yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha amri ikalegezwa. Wale ni wakulima wa maisha yao yote, sembuse mtu wa vidio.

Ila kuna somo moja dogo mle ndani ambalo mwalimu alilipita kama hajaliona. Ukitaka kutunza mbegu yako ya mahindi isidhoofike unahitaji mimea mingi sana, mia na kuendelea, la sivyo baada ya vizazi vichache inakuwa dhaifu. Maboga nayo yanachavushana ovyo na ya jirani ya aina moja. Maana yake hamna mtu anaeweza kutunza mbegu zote peke yake kwenye uwanja wake, lazima mmoja atunze hii, mwingine ile, mnabadilishana. Kozi nzima inaimba kujitegemea, ukuta mrefu, mbwa mkali, alafu mbegu yenyewe inakwambia bila jirani huendi popote. Nilitegemea waunganishe na sehemu ya tano. Hawakuunganisha.

Sehemu ya nne nitaipitia haraka kwa hasira. Nusu yake ni duka. Ndoo za chakula kikavu, imeandikwa nje mwezi mzima mtu mmoja, ukisoma maandishi madogo unakuta kwa siku ni kalori elfu moja na kitu, na kati ya hizo milo kuna vinywaji vya unga vya sukari vimehesabiwa navyo ni mlo. Na ni chakula cha kukaushwa, kinataka maji safi mengi kukirudisha, wakati maji wameyapa vidio moja fupi. Wanachosema kuhusu mchele mweupe ni kweli, ukikauka vizuri na ukifungwa bila oksijeni unafika miaka 30, na wa kahawia miezi sita tu unaanza kuchacha kwa ajili ya mafuta yake.

Sasa ile sehemu ya kuua. Kuna vidio jamaa anaweka maharage na nyama kwenye mitungi ya kioo, anafunga, anachemsha kwenye sufuria ya kawaida masaa matatu, anasema itakaa kabatini miaka. HAPANA. Vijidudu vya Clostridium botulinum vinajenga spora, yaani kama mbegu ndogo ngumu za vijidudu, ambazo huwezi kutegemea maji yanayochemka nyuzi 100 yaziue, hata uchemshe masaa matatu. Vyakula visivyo na uchachu kama maharage, nyama, mboga nyingi, vinataka sufuria maalum ya presha yenye kupanda mpaka nyuzi 116 au 121 kwa muda uliopimwa. Ukishafunga mtungi hauna hewa ndani, ndo mazingira hizo mbegu zinapenda, zinaamka zinatoa sumu ambayo huioni, na mara nyingine hata harufu hamna, na inapoozesha misuli mpaka ile ya kupumulia. Jamu na matunda yenye asidi ya kutosha ni habari nyingine, hayo maji ya kuchemka yanatosha. Niliwaandikia kuhusu hiyo vidio. Nilipoandika rivyu hii ilikuwa bado ipo.

Haya tuje ya tano, ambayo watu wengi hawafiki manake wameshachoka au wamejitoa. Kupeana bure. Nilidhani itakuwa mahubiri ya tupendane, kumbe imepangwa vizuri kuliko zote.

Wanaanza na Argentina tena, na hapa ndo nikaona kumbe kuna mtu mwenye akili kwenye hiyo timu. Mwaka 1995 kule Bernal, nje kidogo ya Buenos Aires, watu walianzisha klabu ya kubadilishana vitu na huduma, ikawa na vijikaratasi vyake vinaitwa créditos. Miaka ikaenda, uchumi ulipopasuka 2001 watu wakamiminika, vilabu vikajaa nchi nzima. Alafu 2002 ikaporomoka. Créditos zikachapishwa nyingi kupita kiasi, nyingine za kughushi kabisa, bei ndani ya vilabu zikaanza kupanda, vitu vizuri vikakauka kwenye meza. Yaani walikimbia mfumuko wa bei wakaukuta umewatangulia kwenye mlango wa pili. Mwalimu anauliza ni kitu gani kilighushiwa pale, anajibu ni ile karatasi ya kuhesabiana. Ukitoa kitu bila kuhesabu hamna cha kughushi.

Mi nililiwaza hilo sana na nusu nakubali. Kweli zawadi haina noti, huwezi kuichapisha. Ila mwalimu anaenda mbali anasema zawadi ya kweli haidai chochote, hapo simuungi mkono. Marcel Mauss, msomi wa Ufaransa, aliandika tangu 1925 kwamba zawadi inabeba mambo matatu, wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Hilo deni lisiloandikwa ndo gundi yenyewe. Ukiliondoa unabaki na watu wanaachiana vitu getini hawajuani. Na kama zawadi ingekuwa kitu laini kisicho na nguvu, Canada isingeipiga marufuku potlatch, zile sherehe za kugawa mali za watu wa asili wa pwani ya Pasifiki, kuanzia 1885 mpaka 1951. Mwaka 1921 watu walikamatwa kwa kuhudhuria moja, na wengine wakaenda jela. Jela kwa kugawa vitu! Serikali ilielewa zawadi ina kazi gani kuliko mwalimu wetu.

Kazi za vitendo ndo zilinishika. Ya kwanza toa kitu ambacho bado unakitumia kidogo, sio takataka. Rahisi. Ya pili omba kitu unachokihitaji, hadharani, kwenye grupu la tunaosoma kozi, bila kueleza sana wala kujishusha. Hapo grupu zima likanyamaza. Watu ambao wamemaliza kuwasha moto kwenye mvua wanashindwa kuandika naomba baiskeli ya mtoto. Admini akasubiri tu, hakulazimisha mtu. Alipojitokeza mmoja kuomba miwani ya kusomea, maombi yakaanza kufunguka, mtu anataka mitungi, mwingine anataka mtu wa kumfundisha kunoa visu, mwingine anaomba kampani ya kwenda naye kuchuma manake anaogopa peke yake. Kwa maoni yangu hiyo ndo ilikuwa kazi ngumu na ya maana kuliko zote za kozi, na imewekwa mwishoni kabisa ambapo wengi hawafiki.

Sheria za grupu ni nzuri pia na zimeigwa kutoka huduma ambazo zipo muda mrefu. Freecycle ilianza 2003 Tucson, Arizona, kwa lengo la vitu visiende jalalani. Buy Nothing ilianza 2013 kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, yenyewe ikasisitiza majirani wajuane. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu: sheria ya grupu la kozi ni kwamba anaetoa hachagui wa kwanza kuandika, anasubiri, anasoma watu wanasema nini, alafu anaamua. Inawakata miguu wale mabingwa wa kuandika "naitaka" ndani ya sekunde mbili wakauze.

Upungufu upo. Usalama wamegusa kidogo, kutana sehemu yenye watu basi, wakati data za watu nazo ni suala, Freecycle wenyewe 2023 walikiri taarifa za watumiaji kama milioni 7 zimevuja. Na hamna aliesema chochote kuhusu chakula. Kwenye grupu watu wanagawana mitungi ya maharage ya sehemu ya nne, wanagawana na uyoga wa kuchuma! Mama wa mimea aliingia siku moja akaandika sentensi moja, uyoga wa mwituni haupewi mtu mgeni, na usiupokee kwa mtu usiyejua anaujua kiasi gani. Ile sentensi ilitakiwa ibandikwe juu ya grupu. Haikubandikwa.

Huduma kwa wateja wanajibu haraka wakati bado hujalipa. Baada ya hapo subira. Kujitoa kunataka uandike barua pepe, hakuna kitufe. Cheti kipo, kina picha ya shoka, sijui nitakipeleka wapi.

Nyota ninazotoa ni tatu kati ya tano kwa ujumla, na zote tatu wagawane mama wa mimea na admini wa grupu. Kama unataka kulipa, lipa mwezi mmoja tu, anzia sehemu ya pili, ingia kwenye grupu siku hiyo hiyo usisubiri ufike ya tano, andika noti zako kwa mkono kwenye daftari kwa sababu za kwao zitafungwa, alafu jitoe kabla kadi haijakatwa tena. Kama karibu yako kuna chama cha mimea au mzee anaejua majani, na kuna grupu lolote la majirani wanaopeana vitu, basi una asilimia kubwa ya hii kozi tayari na hujatoa kitu. Ndoo usinunue. Na ile vidio ya maharage, kama kuna mdau humu ameshaweka mitungi kabatini kwa kuifuata, usifungue uonje ujue kama imeharibika, na usiipe mtu. Tafuta maelekezo ya idara ya afya ya kwenu namna ya kuitupa salama, ikiwa bado imefungwa hivyo hivyo.